Injini yangu ya turbo ilinoki mara mbili, kwanza juu kisha chini. Nimeifungua, nimekuta haya

#1 Boksa_wa_Arusha (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo miezi miwili. Sikutaka kuandika nikiwa na hasira, nikasubiri injini ifunguliwe yote nione kwa macho na nishike kwa mikono. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie kesho.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, lita 2, turbo, gia za mkono. Nilikuwa nalo mwaka wa nne. Mwaka jana nililipeleka karakana moja hapa mjini, jina nitaliacha, waniongezee nguvu kidogo. Wakafunga bomba kubwa la moshi kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, chujio la hewa la wazi, na kile kidude cha shaba cha kukaza kwa mkono busti (shinikizo la hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini). Kompyuta ya injini hawakuigusa. Nilipouliza nikajibiwa itajizoesha yenyewe. Geji ikawa inasoma bari 1.1 na mimi nikawa mtu mwenye furaha.

Miezi saba gari lilikwenda raha. Desemba nikashuka Dar na familia. Tumepita Same, jua la saa nane, watu wanne ndani, mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi. Mbele kuna lori. Niko gia ya tano, mzunguko wa injini uko kama 2,500, nikakanyaga hadi chini bila kushusha gia. Nikasikia sauti kama mtu anatikisa punje za mchele ndani ya kopo la bati. Sekunde mbili, tatu. Nikaachia, ikakata. Dada yangu aliyekaa mbele akauliza ni nini hicho, nikamwambia ni kokoto zinagonga chini. Nami nikajiaminisha hivyo hivyo. Kabla ya kufika Mombo ilitokea mara tatu nyingine.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Dar kwenye foleni ya Ubungo, ikaja sauti nyingine. Hii ilikuwa nzito, inatoka chini, ko-ko-ko, inapanda na mzunguko wa injini. Taa ya oili ikawa inapepesa gari likiwa sailensa. Nikazima palepale, nikaita gari la kuvuta.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea mimi na nadhani tunakosea wengi. Tuna neno moja, kunoki. Gari likilia mlimani tunasema linanoki. Beringi zikifa tunasema injini imenoki. Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani ugonjwa ni mmoja, na dawa yetu ni moja: oili nzito. Mimi nataka tuzitenganishe. Noki ya juu ni ya moto, inatokea kwenye chumba cha kuchomea. Noki ya chini ni ya chuma, inatokea kwenye beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki, ekseli kuu ya injini). Na kwenye gari la turbo, ile ya juu huizaa hii ya chini mara nyingi, halafu ikifika ya chini hakuna anayeikumbuka ya juu.

Noki ya juu inakuwaje? Plagi ikitoa cheche, moto unatoka katikati kwenda ukutani kama unavyotembea moto wa nyasi kavu: una kasi, lakini una mwelekeo. Mchanganyiko wa pembeni ambao haujafikiwa unabanwa na kupashwa joto na moto unaokuja. Petroli ikiwa na oktani (kipimo cha kuvumilia kubanwa bila kujilipukia) ya kutosha, ule wa pembeni unavumilia hadi zamu yake ifike. Oktani ikipungua au joto likizidi, hauvumilii, unalipuka wenyewe, wote kwa pamoja. Shinikizo linapiga mara moja kama nyundo, na mawimbi yake yanagonga kuta za slinda huku na huku. Kwa slinda yenye kipenyo cha milimita 92 kama ya EJ20, familia ya injini yangu, hiyo ni kama mara 6,000 kwa sekunde. Mchele kwenye kopo.

Sasa shukeni chini. Chukueni shinikizo la bari 80, ambalo si la ajabu kwa turbo iliyokanyagwa. Kichwa cha pistoni cha milimita 92 kina sentimita za mraba 66 na ushee. Ukizidisha unapata zaidi ya tani 5, juu ya konrodi moja, na hapo moto umewaka vizuri, bila noki. Kati ya konrodi na kranki chuma hakigusi chuma. Kuna oili tu, katika uwazi wa kama 0.02 hadi 0.05 ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Kranki inaelea. Oili ile inaweza kubeba tani 5 zinazokuja kwa mpangilio kwa miaka mingi. Nyundo inayokuja ghafla, tena na tena, inaikamua.

Tulichokuta ni hiki. Pistoni ya slinda ya 4, ule ukingo unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili, kimekatika kipande cha urefu wa ukucha wa kidole gumba. Plagi ya slinda hiyohiyo, kwenye kaure yake nyeupe, ina nukta nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na katikati yake chembe ndogo zinang'aa ukiigeuza kwenye jua. Zile chembe ni pistoni yangu.

Beringi ya konrodi ya slinda ya 4 niliikalisha kwenye kiganja karibu nusu saa. Ni vipande viwili vya nusu duara. Kile cha upande wa pistoni (kwenye boksa, aina ya injini hii, kila kitu kimelala, kwa hiyo nikisema juu nina maana upande wa pistoni) tabaka lake laini la kijivu limepasuka mipasuko myembamba kama tope la bwawa lililokauka, na katikati limebanduka hadi chuma kigumu kimetokeza. Ukipitisha kucha inakwama. Kile cha upande wa kofia (kifuniko kinachoshikilia konrodi kwenye kranki) kina mikwaruzo tu, na rangi yake bado ipo. Fundi wangu, mzee wa miaka mingi, aliviweka viwili sambamba juu ya gazeti akasema: "Hii haikukosa oili. Hii imepigwa."

Ndiyo maana naandika. Kama ingekuwa ukosefu wa oili, vipande vyote viwili vingeungua, vingepakaa, vingegeuka rangi ya bluu au nyeusi. Kilichokufa hapa ni upande mmoja, upande unaopokea moto.

Na kwa nini Same, isiwe Arusha? Nilipiga hesabu baadaye. Arusha iko mita 1,400 hivi, hewa yenyewe ina kama bari 0.86. Kile kidude cha shaba kinalinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo 1.1 ya geji ikijumlishwa ndani ya injini ni 1.96. Ukishuka chini ya mita 500, hewa ya nje inakaribia 0.96, na geji inaendelea kusoma 1.1 ileile, lakini injini sasa inapokea 2.06. Pwani kabisa ni 2.11. Hakuna aliyegusa kitu, na moto umeongezewa hewa siku ambayo hewa ina joto la nyuzi 34. Geji haikunionya, kwa sababu haikujua.

Karibuni.

#2 Spana13

Pole sana mkuu. Nimekuelewa, ila kwenye oili sikubaliani nawe. Mimi magari ya turbo nawawekea watu 20W-50 miaka yote, hasa haya yaliyotembea. Ungekuwa nayo beringi zisingekufa. Uliweka oili gani?

#3 Boksa_wa_Arusha

Asante Spana. 5W-40, kila kilomita 5,000, na nina daftari.

Sikatai kwamba oili nzito ikiwa moto inaacha utando mnene zaidi, na injini iliyochoka inaweza kuifurahia. Ila fikiria mambo mawili. Asubuhi ya baridi ya Arusha 20W-50 inachelewa kufika, na turbo inaisubiri. Jingine ndilo lililoniumiza: ukingo wa pistoni ulipokatika, ringi hazikuziba tena, petroli na moshi vikaanza kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili niliyoimwaga Dar ilikuwa inanuka petroli na inatiririka kama maji. Hapo hata ungeweka nzito, baada ya wiki mbili si nzito tena. Kwa hiyo noki ya juu ilinipiga kwa njia mbili: nyundo ya moja kwa moja juu ya beringi, kisha ikaiyeyusha ile oili iliyokuwa inajaribu kuzuia nyundo. Oili haizimi moto wa juu, mkuu. Inachukua kipigo tu.

#4 Jamaa_wa_Ngong_Road

Niko Nairobi, na uzi huu umenigusa. Mimi niliagiza Subaru STI kutoka Japani. Ilinoki ya chini baada ya mwaka. Nikaenda Kirinyaga Road nikapata injini ya mtumba, safi kwa kuitazama, tukafunga. Wiki tatu, ikanoki tena! Fundi akasema injini ilikuwa mbovu toka Japani, muuzaji akasema fundi ni mbovu. Nimebaki na vyuma viwili nje ya nyumba. Nani alikuwa mkweli?

#5 Boksa_wa_Arusha

Pole ndugu yangu. Kabla hujawalaumu, jibu maswali haya. Mlipofunga injini ya pili, kipoza oili kilikuwa kipya au kile kile? Turbo je? Mabomba ya oili ya kwenda kwenye turbo?

#6 Jamaa_wa_Ngong_Road

Vyote vya zamani. Tulivipuliza kwa upepo na kuosha kwa petroli.

#7 Boksa_wa_Arusha

Basi nadhani jibu liko hapo. Beringi ikifa haifii mahali pake. Inasagika kuwa unga unaong'aa, na ule unga unatembea popote oili inapotembea. Kipoza oili ndani yake kina vijia vyembamba, ukikiosha kwa petroli na upepo unatoa wa juu tu, wa ndani unabaki kukungoja. Siku oili ya injini mpya inapopata moto unatoka, unakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kipoza hakisafishwi, kinatupwa. Turbo inafunguliwa au inabadilishwa. Zile bolti za mabomba ya oili zenye vichujio vidogo ndani yake, angalia kila moja, maana kikiziba cha turbo unaua turbo, na turbo ikifa inatuma vyuma vyake kwenye sampu.

Jambo jingine ambalo wengi hudanganyika nalo: sumaku. Watu wanachovya sumaku kwenye oili, ikitoka safi wanashangilia. Tabaka laini za beringi ni aluminiamu, bati, risasi, shaba. Sumaku haishiki hata kimoja. Kata chujio la oili, kunjua karatasi yake, itandaze juani. Ukiona mng'ao kama wa rangi ya kucha, usiwashe gari.

Na kwa kuwa gari lako limetoka Japani moja kwa moja, fungua kifuniko cha tanki la mafuta. Kuna stika ya maandishi ya Kijapani. Kwenye magari haya inasema petroli ya daraja la juu, na daraja hilo kule pampuni ni oktani kama 100. Ya kawaida yao ni 90 hivi. Ramani ya moto (jedwali la lini cheche itoke) iliyomo kwenye kompyuta ya STI ya Japani iliandikwa kwa ile 100, na pampu zetu hazifiki huko. Gari lilishuka melini Mombasa likiwa tayari limepungukiwa oktani, hata kabla hujaongeza bomba wala busti.

#8 Mhandisi_Mwanza

Mleta uzi, hongera, umeeleza vizuri. Naongeza na kurekebisha kidogo, kwa heshima.

Kwanza, noki nyepesi ya mara moja moja kwenye injini isiyo na turbo haiui kitu. Watu wasiogope kila mlio. Kinachoua ni noki nzito chini ya busti. Ile hewa tulivu inayokaa jirani na kichwa cha pistoni huwa inakinga aluminiamu kama blanketi. Mawimbi ya noki yanalifunua blanketi hilo, joto linaingia kwenye chuma, ndiyo maana kingo za ringi zinakatika.

Pili, usichanganye na moto unaowaka kabla ya cheche. Huo unaanzishwa na kitu chenye joto kali, ncha ya plagi isiyofaa au masizi yanayowaka. Noki inakuja baada ya cheche, huu unakuja kabla, wakati pistoni bado inapanda. Huo hautoboi taratibu, unaweza kumaliza pistoni kwa mizunguko michache. Kwenye turbo za kisasa zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya slinda kuna aina yake inayotokea mzunguko ukiwa chini na mguu ukiwa chini, na ilionekana oili yenyewe inachangia, hasa zile zenye kalsiamu nyingi kwenye viambato vya usafi. Ndipo yakaja madaraja ya oili ya API SN Plus mwaka 2018 na SP mwaka 2020. Mwenye turbo ya aina hiyo asome nyuma ya kopo kabla ya kununua oili kwa bei tu.

Tatu, kuhusu kompyuta kujizoesha. Subaru ina kihisi cha noki kwenye bloku, kinasikiliza mtetemo. Kikisikia, kompyuta inachelewesha cheche. Inafanya kazi kweli, lakini inajibu baada ya kipigo, haizuii cha kwanza. Na inarudi kujaribu tena, kwa hiyo unapigwa tena. Chujio la wazi linabadilisha jinsi hewa inavyopita kwenye kihisi cha hewa, kompyuta inaweza kudhani hewa ni kidogo kuliko ilivyo, ikatoa petroli pungufu. Hewa nyingi, petroli kidogo, busti imefungiwa kwa mkono: karakana ile iliiondoa kompyuta kwenye uamuzi halafu ikaiachia lawama.

#9 Boksa_wa_Arusha

Mhandisi, asante sana, hasa hilo la mwisho. Wakati wa kufungua tulikuta kihisi cha noki kina ufa kwenye plastiki yake, na taa ya injini haikuwahi kuwaka. Nilijua kosa la P0325 ndilo la kihisi hicho, na kwa kuwa halikuonekana nikaamini kihisi kizima. Sasa natia kipya bila kubahatisha, na kinakazwa kwa spana ya kipimo, maana kikikazwa ovyo hakisikii sawasawa.

#10 Dereva_Mstaafu

Vijana, msisahau mafuta yenyewe. Nimeendesha miaka 30. Kuna kipindi petroli ilikuwa inachanganywa mafuta ya taa waziwazi. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, walipoanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka uliofuata, hali ikabadilika. Kenya nao waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Lakini kituo kidogo cha mafuta cha porini bado ni kituo kidogo cha porini. Mafuta ya taa yanaua oktani. Gari la kawaida litalalamika tu, la turbo litavunjika. Kijana, ulijaza wapi kabla ya Same?

#11 Boksa_wa_Arusha

Shikamoo mzee. Nilijaza Moshi, kituo kikubwa, sina sababu ya kukilaumu. Lakini umesema kweli: nikiwa safarini nilikuwa najaza popote. Sasa naanza na tanki la mahali ninapopajua, na robo tanki ikifika naitafuta stesheni yenye magari mengi.

Kuna anayeniuliza PM kuhusu chupa za kuongeza oktani. Soma lebo kwa makini. Ikisema inaongeza pointi 5, kwa lugha ya watengenezaji wengi pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 5 ni nusu oktani. Umelipia nusu oktani ukaenda kukanyaga kama una tano.

#12 Kijana_wa_Forester

Kaka mimi nina Subaru Forester XT ya turbo, hela ya kupangiwa kompyuta sina sasa hivi, na kidude cha shaba ninacho, nimekaza bari 1. Sijawahi kusikia huo mchele. Nifanye nini wiki hii?

#13 Boksa_wa_Arusha

Mdogo wangu, nimefurahi umeuliza kabla. Kesho asubuhi kitoe. Rudisha mpira wa kiwandani unaokwenda kwenye kidhibiti busti cha kompyuta. Hiyo haigharimu kitu. Rudisha na boksi la chujio la kiwandani kama bado unalo.

Kutosikia mchele si ushahidi. Ukiwa na bomba kubwa la moshi, muziki na madirisha wazi, huwezi kusikia, na mimi nilisikia kwa sababu ilishakuwa mbaya mno. Tafuta mwenye kebo ya kusoma kompyuta ya Subaru na laptopu yenye programu ya RomRaider, ni ya bure. Kuna kipimo kimoja kinachoonyesha kompyuta inaiamini petroli yako kiasi gani. Kwenye kompyuta nyingine kinahesabiwa 0 hadi 1, kwenye nyingine 0 hadi 16. Kikiwa juu kabisa, sawa. Kikiwa kimeshuka, gari lako linapigana na noki kila siku na wewe hujui. Usikate betri kabla ya kusoma, maana unafuta kumbukumbu yote na kipimo kinarudi kwenye cha kuanzia.

Halafu mguu. Hili ningelijua ningekuwa bado na injini yangu. Wakati mbaya kuliko wote kwa konrodi si mzunguko wa 6,000, ni 2,000 hadi 3,000 kwenye gia kubwa, mlimani, mguu umegusa sakafu. Turbo imeshajaza, pistoni inakwenda polepole, mchanganyiko una muda mrefu wa kuiva ukiwa umebanwa, na pampu ya oili bado haijatoa shinikizo lake kamili. Shusha gia mbili, uache injini ilie. Kilio kile hakina ubaya.

Pima oili kila ukijaza mafuta. EJ za turbo zinakunywa. Sampu inabeba kama lita 4 tu, ikipungua moja ukaingia kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia pembeni na bomba la kunyonyea linavuta hewa. Hapo ndipo unapopata ile noki ya chini isiyo na ya juu, vipande vyote viwili vimeungua.

Ukiweka akiba, anza na pampu ya petroli. Pampu ya miaka 20 inaweza kutosha mjini na ikapungukiwa pale pale busti inapofika kileleni. Kisha plagi za joto la chini kwa hatua moja. Kisha mtu wa kupanga kompyuta kwa petroli ya hapa, na apime gari likiwa na joto, si asubuhi saa moja.

#14 Toyota_Damu

Wakuu, mnazunguka sana. Subaru ni mbovu. Hizi boksa zinajulikana dunia nzima kwa kunoki. Chukueni Toyota yenye turbo mlale usingizi.

#15 Boksa_wa_Arusha

Mkuu, kuna ukweli ndani yake, ngoja niuseme sawasawa. Kranki ya boksa ya EJ ni fupi, pini nne zimebanana, kwa hiyo beringi za konrodi ni nyembamba kwa upana. Eneo la kubeba zile tani 5 ni dogo. Bomba la kunyonyea oili kwenye baadhi ya EJ lina tabia ya kupasuka pale lilipounganishwa. Slinda ya 4 ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Haya ni madhaifu ya kweli na mimi nimelipia.

Lakini noki haina chapa. Injini ya 4G63 ya Mitsubishi ilisifiwa kwa ugumu, na zile za bolti saba (zinazoshika gurudumu zito la nyuma ya kranki) zikapata jina baya kwa kranki kutembea mbele na nyuma hadi inakula beringi yake ya kati. Toyota yenye turbo ukiikaza busti kwa mkono, ukaipa petroli pungufu na kuikanyaga gia ya tano, itakuonyesha ukingo wa pistoni uliokatika kama wangu. Na hizihizi boksa za lita 2 zilishinda Safari Rally pale Kenya, McRae mwaka 1997 na Burns mwaka 2000, kwenye joto na vumbi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mtu aliyepanga moto kwa petroli waliyokuwa wanaitumia, na injini ilifunguliwa kabla haijalia.

#16 Spana13

Mkuu nimerudi. Jana nilifungua injini ya mteja, EJ20 turbo, imenoki chini. Nikakumbuka uzi wako, nikapanga beringi juu ya gazeti. Slinda tatu vipande vyote ni sawa. Moja, ya upande wa pistoni imebanduka, ya upande wa kofia safi. Nikatoa plagi zake, ile pilipili manga ipo. Miaka yote hii nilikuwa natupa beringi kwenye ndoo bila kuzisoma. Mteja nimemwambia hatufungi kitu hadi tujue kwa nini slinda ile imepigwa. Tumepima nozeli za kupulizia petroli, ya slinda hiyo inatoa pungufu kuliko wenzake.

#17 Boksa_wa_Arusha

Spana, umenifurahisha kupita maelezo. Hiyo nozeli ingeua na injini ya pili.

#18 Jamaa_wa_Ngong_Road

Nimekikata kipoza oili changu kwa msumeno. Ndani kuna unga wa fedha, umeganda kwenye vijia. Muuzaji nimemwomba radhi kwa simu.

Boksa, wewe injini mpya umeshafunga? Umeshuka tena?

#19 Boksa_wa_Arusha

Nimefunga. Bloku ilipatikana mtaa wa Gerezani, Dar, kranki ikapimwa kwa maikromita pini zote nne, beringi mpya, kipoza oili kipya, pampu ya oili mpya, bomba la kunyonyea jipya. Bomba kubwa la moshi limebaki, ila kompyuta imepangwa kwa petroli ya hapa na busti inaongozwa nayo, inajua iko mita ngapi juu ya bahari. Gari linakimbia polepole kidogo kuliko mwaka jana, nakiri.

Jumamosi nimeshuka hadi Segera na kurudi, laptopu iko kwenye kiti cha dada yangu, yeye akisoma namba kwa sauti. Kipimo cha kuamini petroli kilibaki juu kabisa njia nzima. Mara moja tu, mlima mmoja nyuma ya lori la saruji, gia ya nne, mzunguko 2,600, kompyuta ilirudisha cheche nyuma nyuzi 1.4. Dada akasema "imeshuka", nikashusha gia, ikarudi sifuri kabla sijamaliza kulipita lori.

Jana nimemwaga oili ya kilomita 1,000 za kwanza na kukata chujio. Karatasi imetandazwa kwenye ukuta wa nyuma hapa, jua la saa nne. Kuna chembe nne au tano ndogo za siku za kwanza, nimezihesabu kwa kibano. Nitakata tena kwenye kilomita 3,000 na kuweka picha hapahapa.